Mchanga wa Tangi la Bi. Mwanaidi

Neema, aliyezirithi ndoo zangu na mipira yangu ya kunyonyea maji, ameniomba niandike kidogo juu ya kazi ya kutunza matangi ya samaki pale hotelini, ili yeye na watakaokuja wasianze gizani kama nilivyoanza mimi. Nilimjibu kwamba kazi yenyewe haina mengi: unalisha, unasafisha, unapima maji, na kila mgeni anakuuliza kama samaki hawa wanaliwa. Akasema, "Basi andika habari za mchanga, Mama Vero. Wewe hata kwenye harusi unazungumzia mchanga."

Ni kweli. Nimewahi kuhamwa meza kwa sababu hiyo.

Nimezaliwa upande wa Mara, kwenye familia ya wavuvi. Baba alinisomesha mpaka chuo cha uvuvi kwa samaki aliowavua mwenyewe, na alipopata habari kwamba nimeajiriwa Mwanza kutunza samaki wa hotelini, alikuwa na swali moja.

"Wakishanenepa, nani anawala?" aliniuliza.

"Hakuna, baba."

"Hakuna?"

"Wanaangaliwa tu."

Akamgeukia mama. "Mtoto amepata kazi ya kuangalia samaki." Kwa muda mrefu baba aliamini kwamba kuna jambo kuhusu ile hoteli ambalo sijaambiwa.

Mwenye hoteli ni Alhaji Seif, mfanyabiashara ambaye ukoo wake umekaa Mwanza tangu zamani. Siku yangu ya kwanza alinipeleka mwenyewe mapokezini, akanionyesha tangi refu la kioo lililojaa furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao wazee wetu waliwala kwa wingi kabla sangara hajawamaliza. Alhaji aliwapenda kwa sababu ndio samaki wa utoto wake. Alitaka wajukuu zake wawaone wakiwa hai. Lakini furu wale walikuwa na rangi ya majivu, wamejibanza pembeni kama watu waliokuja msibani wasiomfahamu marehemu.

Chini ndani ya tangi kulikuwa na kokoto. Zilibaki kwenye ujenzi wa jengo la nyuma, na mtu akaona zisiharibike bure.

Aliyelitengeneza tangi lile ni Fundi Masanja, Msukuma wa Magu, fundi wa vioo ambaye mjini alijulikana zaidi kwa madirisha ya maduka. Alikuja siku ileile kuziba ufa mdogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, anayeongea huku uso ukiwa kwenye kazi. Nilimuuliza anaonaje wale samaki.

"Dada, hawa umewaweka saiti," alisema. "Unategemea wacheke?"

Tukazitoa kokoto. Nikachota mchanga laini ufukweni, nikauosha mpaka maji yakawa meupe, nikaumwaga. Haukupita muda dume mmoja akashuka, akabugia mchanga kinywani, akautemea pembeni. Akabugia tena. Alichimba shimo la mviringo kama sahani, na alipomaliza alisimama juu yake amegeuka rangi: buluu ubavuni, wekundu mkiani, na jike akaanza kumzungukazunguka. Kumbe alikuwa anadaiwa kujenga na kiwanja hakina udongo wa kuchimbika. Nililichukua somo hilo na sijawahi kulirudisha: sakafu ya tangi ni ya wanaoishi humo. Mgeni wa hoteli anaitazama tu, tena kwa muda wa kusubiri ufunguo wa chumba.

Nilikaa na furu miaka mingi, na niliwapenda. Lakini Neema ameomba habari za mchanga, na mchanga ulionihangaisha kweli ulikuja na Bi. Mwanaidi.

Bi. Mwanaidi alikuwa mke wa Alhaji. Aliletwa Mwanza kutoka Tanga akiwa bi harusi kijana, akazaa hapa, akazeekea hapa, na hakuacha hata siku moja kutukumbusha kwamba yeye si wa hapa. Mtu akisema anashuka "baharini" kuogelea, kama watu wengi wa Mwanza wanavyosema, Bi. Mwanaidi alimrekebisha hapohapo: "Hilo ni ziwa. Bahari ina chumvi." Alikuwa anaumwa sukari, na ilipofika wakati miguu ikamkatalia safari ndefu, madaktari wakamshauri asiende tena Tanga kwa barabara. Hakulia wala kulalamika. Alimwambia mumewe tu: "Basi iletwe huku."

Alhaji alidhani ni mzaha. Alipogundua siyo, akaniita.

"Vero, unaweza kuweka maji ya bahari kwenye tangi?"

Nikamwambia naweza kujifunza. Ndilo jibu lililokuwa la kweli, na namshukuru kwamba hakutafuta mtu mwenye jibu zuri zaidi. Alinipa muda. Nilisoma kila nilichokipata, nikampigia simu mfanyabiashara mmoja wa Dar mwenye kibali cha kuuza viumbe wa baharini mpaka akawa anapokea kwa kuguna, na Fundi Masanja akajenga tangi jipya kwa kioo kinene, kwenye chumba cha chini kinachotazama ziwa. Chumvi maalumu tulikoroga wenyewe kwenye mapipa, kwa maji yaliyochujwa. Hayo yote yana kanuni zake na yameandikwa sehemu nyingi. Kwenye mchanga ndipo kila mtu ana maoni.

Alhaji alitaka mawe madogo ya buluu. Aliyaona kwenye tangi la hoteli moja Nairobi na yalimvutia. Bi. Mwanaidi alimtazama kwa huruma.

"Mume wangu, samaki haendi harusini."

Mimi nilipanga sinia tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa na mchanga wa ziwani, kwa sababu upo mlangoni na nilikuwa nimeuzoea. Ya pili ilikuwa na vipande vya matumbawe yaliyosagwa, vikubwa kama punje za mahindi. Ya tatu ilikuwa na mchanga mweupe, laini, unaotokana na magamba na matumbawe ya kale, ule anaouuza yule wa Dar kwa kibali. Mpwa wa Bi. Mwanaidi alikuwa amejitolea kujaza gunia ufukweni Tanga akatuma kwa basi, nikakataa. Mchanga wa ufukweni haukombwi na kila anayetaka, na huwezi kujua umekunywa mafuta ya boti kiasi gani.

Fundi Masanja akaleta vikombe vitatu vya kioo. Nikaweka kijiko cha kila mchanga, nikamimina siki. Wa ziwani ulikaa kimya. Ile mingine miwili ilichemka, mapovu yakapanda kama soda.

"Huo unaopiga kelele una nini?" Alhaji aliuliza.

"Una chokaa, Alhaji. Maji ya bahari kwenye tangi huelekea kuwa makali kadiri uchafu unavyooza. Chokaa inasaidia kidogo kuyatuliza. Huu wa ziwani unatokana na miamba yetu hii, hauna chokaa. Hausaidii."

Nikapitisha sumaku juu ya sinia ya kwanza. Chembe nyeusi zikarukia na kung'ang'ania. Hilo Fundi Masanja hakulipenda hata kidogo. Vioo vya tangi tunavisugua kwa sumaku mbili, moja ndani na moja nje, na chembe moja ya chuma ikinaswa katikati inachora kioo kutoka kona mpaka kona.

"Mchanga huo ukiingia, mimi siji tena," alisema.

Ukatoka. Zikabaki sinia mbili. Bi. Mwanaidi aliingiza mkono kwenye ule laini, akaupitisha katikati ya vidole, akafumba macho. Nilidhani atauchagua papo hapo. Lakini muuzaji wa Dar alikuwa ametuonya kwamba mchanga laini ukipigwa na mkondo wa pampu unapeperuka na kutanda juu ya matumbawe hai, nayo yanakufa kwa kukosa mwanga. Tukashauriana wote wanne, tukachagua vile vipande vikubwa. Vilionekana safi, havipeperuki, na vilipendeza.

Kuweka mchanga ni kazi ya mpangilio, na hapa nawaomba vijana msome taratibu. Mawe hutangulia. Yakae juu ya kioo chenyewe, imara, yasitikisike hata ukiyasukuma, ndipo mchanga umwagwe kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga na mawe ukayaweka juu yake, siku mchimbaji atakapochimba chini ya jiwe, jiwe litaanguka, na likianguka litachagua kioo. Kina kiwe vidole viwili hivi vya mtu mzima. Ukizidisha, chini kunakosa hewa na kunaanza kuoza. Ukipunguza sana, wanaojificha hawana pa kujificha.

Tangi lilipotulia tukaleta wakazi, mmoja mmoja kwa miezi. Bi. Mwanaidi alikuwa na ombi moja tu. Utotoni, kaka zake wakimpeleka kuogelea maji yakiwa yamekupwa, aliwahi kuona kisamaki na kamba wanaoishi shimo moja. Kamba huyo haoni vizuri. Kazi yake ni kuchimba. Kisamaki hachimbi, kazi yake ni kukaa mlangoni na kulinda. Kamba akitoka na mzigo wa mchanga, huweka unywele wake mrefu juu ya mwili wa kisamaki ili ajue mwenzake yupo. Kisamaki akitikisa mkia, hatari ipo, wote wanaingia ndani. Kaka zake walimwambia anatunga uongo.

"Nataka niwaone tena," alisema. "Nijue kama nilikuwa mwongo."

Wakaja kwa ndege ndani ya mfuko wenye hewa. Tukawaachia taratibu. Kisamaki akajificha nyuma ya jiwe. Kamba akashuka sakafuni, akajaribu kuinua kipande kimoja cha matumbawe. Akakiacha. Akajaribu kingine. Siku iliyofuata alikuwa palepale. Alichimba kwa kukwangua tu, na kila alichokisogeza kilirudi. Kisamaki hakuwa na mlango wa kulinda, hivyo hakutoka kula. Akaanza kukonda. Na katikati ya vile vipande, chakula tulichokuwa tunakimwaga kilikuwa kinazama mahali ambapo hakuna wa kukifikia, kinaoza, na vipimo vya maji vikaanza kupanda.

Bi. Mwanaidi alikuwa anashuka kila asubuhi na fimbo yake. Alikaa akitazama. Siku moja akaniuliza, bila kunitazama:

"Vero, wanakufa?"

"Bado, mama."

"Nisikudanganye, naogopa kuwaua kwa sababu ya hamu yangu."

Niliuweka ule mchanga laini peke yake kwenye beseni dogo la kioo, nikauchimba kwa kidole. Kamba angechimba, sawa, lakini shimo lingebomoka mara tu akitoka. Ni kama kuchimba kisima kwenye unga. Hapo nikamwelewa. Yule anajenga. Anahitaji udongo na anahitaji matofali. Nikachanganya: sehemu kubwa mchanga laini, ndani yake vipande vidogo vya magamba na matumbawe, kiasi cha viganja vichache kwa beseni. Tukaitoa ile sakafu ya zamani kidogo kidogo, upande mmoja kwa wiki, kwa sababu kwenye mchanga wanaishi vijidudu wanaokula uchafu na ukiwatoa wote kwa mpigo tangi linashtuka. Pampu nikazigeuza zitazame juu, mkondo usiguse chini.

Kamba hakusubiri tumalize. Tulipofika upande wake alichagua jiwe bapa, akaanza kuchimba chini yake. Vipande vidogo alivipanga mlangoni kimoja baada ya kingine, akivichagua, akivikataa, akivigeuza. Fundi Masanja alikuwepo. Aliinama, mikono magotini, akatazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni fundi," alisema. Sijamsikia akimsifia mtu mwingine kwa neno hilo.

Jioni hiyohiyo kisamaki alikuwa mlangoni, kifua mbele. Nilikwenda kumwita Bi. Mwanaidi, akashuka haraka kuliko daktari anavyomruhusu. Kamba akatoka, ule unywele ukamgusa mwenzake mgongoni, akamwaga mchanga, akarudi ndani.

"Haya," Bi. Mwanaidi alisema. "Kaka zangu wote wameshatangulia mbele ya haki. Nani sasa nimwambie?"

Akanishika mkono, akacheka mpaka akatoa machozi.

Yakafuata mazuri. Wanafunzi walikuja kutoka Misungwi na Sengerema, wakabandika pua kwenye kioo, na Bi. Mwanaidi akawafokea kwamba hilo si ziwa. Kutoka kwake nilijifunza kutazama. Mimi nilikuwa natazama vipimo. Yeye alitazama nani hajatoka leo, nani amelala upande usio wake. Mara nyingi aliniambia tangi linaumwa kabla vipimo havijasema lolote.

Kisha ziwa likapanda. Nyote mnakumbuka lilivyokuwa, nyumba za ufukweni zikiingiliwa na watu wakihamisha magodoro. Kwetu lilianza bustanini, likafika ngazini, na asubuhi moja nikakuta sakafu ya chumba cha chini imelowa. Umeme wa upande ule ukakatwa kwa usalama. Fundi Masanja akapiga magoti, akabonyeza mbao za stendi ya tangi kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

"Hii haimalizi siku mbili," alisema. "Ikilegea upande mmoja, kioo kinapasuka. Tulihamishe leo."

Alhaji akatoa ukumbi mdogo wa jengo la juu, lililokaa kwenye mwamba. Tukawaita wafanyakazi wote, wapishi na wahudumu na walinzi, na hao nawashukuru kwa pamoja kwa kuwa wengine siwezi tena kuwakumbuka kwa sura. Maji yakaingizwa kwenye mapipa. Mawe na matumbawe yakaingia majini humohumo, na pampu ndogo za betri zikiyapa maji hewa. Samaki tukawachota kwenye ndoo. Kisamaki mlinzi alikamatwa akiwa nje ya shimo. Kamba hakuonekana.

Na hapa ndipo mchanga unapodai uangalifu wako wote. Mchanga uliokaa miaka kwenye tangi una tabaka. Juu ni hai na safi. Chini kabisa kunakuwa kweusi na kunanuka kama yai viza, na ule uoza ukitibuliwa ndani ya maji yenye samaki, unaua wote kabla hujajua kinachoendelea. Kanuni ni kuchota wa juu tu, unene wa kidole, uuhifadhi. Wa chini unatupwa. Lakini kamba anaishi chini.

Bi. Mwanaidi aliketi ngazini, shuka begani, hakukubali kupelekwa chumbani.

"Yupo wapi?" aliuliza.

"Ndani ya mchanga, mama. Natafuta."

Nilitumbukiza mikono na kuusaka ule mchanga kiganja kwa kiganja. Fundi Masanja alisaka upande wa pili, akipokea kila beseni na kulimimina kwenye chekecheke. Tulipata konokono. Tulipata minyoo. Neema, ambaye alikuwa ameanza kazi majuzi tu, alikaa sakafuni kwenye maji akipitia rundo la mchanga mweusi kwa kijiko, harufu ile ikimliza. Hatukumpata. Maji ya ziwa yalikuwa yamefika kwenye mguu wa stendi na Fundi Masanja akanitazama. Nikasema tutupe. Tukatupa.

Kule juu tulipanga mawe upya, tukamwaga mchanga mpya tuliokuwa tumeuosha, juu yake ule mchanga hai. Samaki wakarudi. Wote walikuwa wazima. Ilikuwa kazi nzuri, na kila aliyepita alitupongeza, lakini mimi na Bi. Mwanaidi tulimtazama kisamaki mlinzi peke yake. Hakujificha. Alisimama mbele ya jiwe bapa, mahali pasipo na shimo, kifua mbele, analinda ukuta.

Siku zikapita hivyo. Nikaanza kuzungumza na muuzaji wa Dar kuhusu kamba mwingine. Bi. Mwanaidi akanikataza.

"Mwache kwanza amalize eda," alisema.

Asubuhi moja nilikuwa napima chumvi, yeye akiwa kwenye nafasi yake. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja mvua:

"Vero, jiwe linatema mchanga."

Niliinama. Pembeni ya jiwe bapa kulikuwa na kichuguu kidogo ambacho jana hakikuwepo. Chembe chache zikatoka. Zikatoka nyingine. Kisha ukaonekana unywele, mrefu, mwembamba, unapapasa, unapapasa, mpaka ukamgusa kisamaki ubavuni. Alikuwa amejibana kwenye tundu la jiwe lenyewe muda wote ule, kwenye pipa, kwenye ngazi, mikononi mwa wapishi waliolibeba. Kisamaki hakutikisika. Bi. Mwanaidi akasema "Alhamdulillahi," mimi nikapiga ishara ya msalaba, na Neema alipokuja mbio akatukuta tunalia, alidhani tangi limepasuka.

Bi. Mwanaidi hakuishi sana baada ya hapo. Moyo na figo vilichoka. Alizikwa Mwanza, mji ambao hakuwahi kukubali kuwa wake, na watu waliomzika walijaa mpaka barabarani. Mimi nilisimama na wanawake wa mtaa wake kama ndugu.

Alhaji hakupanda tena kwenye ule ukumbi. Nilipobakiza muda mfupi kustaafu, aliniita ofisini.

"Vero, lile tangi. Tafuta chuo au mtu anayeweza kulitunza, alichukue."

"Sawa, Alhaji."

Sikubishana naye. Mtu ana haki ya kutotaka kupita mahali. Nikaanza kuulizia, polepole, nikiwa na sababu nyingi za kuwa polepole.

Kisha asubuhi moja akaja mwenyewe, hakumwambia mtu. Nilikuwa nasugua kioo.

"Shikamoo, Alhaji."

"Marahaba." Alisimama mikono nyuma. Alilitazama tangi kuanzia kona moja mpaka nyingine, kama mtu anayetafuta anwani. "Niambie ukweli. Alikuwa anaangalia nini hapa, asubuhi zote zile? Mimi kila nilipokuja niliona mawe na samaki wanapita."

"Hakuwa anaangalia wanaopita. Angalia pale chini, kwenye jiwe bapa. Mlangoni."

"Sioni kitu."

"Utaona."

Nikamsogezea kigoda. Akakaa. Kisamaki akajitokeza, akashika nafasi yake. Baadaye kamba naye akatoka kinyumenyume, amejaza mchanga mikononi, unywele wake ukiwa juu ya mgongo wa mwenzake.

"Mbona amemshika?" Alhaji aliuliza, sauti chini.

"Yeye haoni vizuri. Anamgusa ili ajue yupo. Akimkosa, hatoki."

Kamba aliingia na kutoka, akiongeza kichuguu chake. Alhaji alivua miwani, akaifuta kwa kanzu, akaivaa tena.

"Umeshampata wa kulichukua?"

"Bado, Alhaji."

"Acha kumtafuta."

Neema akaingia na bakuli la chakula cha samaki, akatusalimia, akasimama mbele ya kioo kuanza kulisha.

"Binti," Alhaji alimwambia kwa upole, akiinama pembeni ili aone, "sogea kidogo. Umetuzibia mlango."